Madam Tryphena na Mashine Iliyowekewa Chai

Tarehe 28 Novemba mwaka huu, Madam Tryphena Mghoi atakabidhi funguo za maabara ya elektroniki baada ya kuzishika kwa miaka thelathini na miwili. Alifika chuoni kwetu hapa Voi mwaka 1993, akitoka Mgange na cheti kipya na viatu vya kuazima. Siku ya kwanza mlinzi alimwelekeza kwangu, darasa la ushonaji. Hakubisha. Aliingia, akafufua cherehani mbili za umeme zilizokuwa zimekufa, ndipo akauliza maabara iko wapi.

Tangu hapo amefundisha mafundi walioenea kutoka Mwatate hadi Njukini. Kengele ya chuo ilipoharibika, aliweka honi ya lori badala yake. Kwa muhula mzima, kila saa ya chai ilipofika, ng'ombe wa jirani walitoroka.

Lakini kisa kitakachotufanya tumkumbuke ni cha ile mashine.

Ililetwa mwaka 1998 katika kreti ya misaada. Ilikuwa bodi pana kama sinia, imejaa chipu na nyaya, ndani ya sanduku la chuma lisilo na kifuniko. Daftari la stoo liliandika: "Mashine moja, kazi haijulikani." Bwana Kituku, mtunza stoo, akaipatia kazi. Aliiweka dirishani, akaitandika kitambaa alichofumiwa na mamake, akaweka chupa ya chai juu.

Mwaka jana mkuu wa chuo, Bwana Austin Kaloki, aliamuru vyuma chakavu vitolewe stoo apate nafasi ya fotokopi mpya. Mnunuzi angekuja Ijumaa. Jumatatu Madam alipita kutafuta waya, Kituku akainua chupa na kitambaa ili ampishe, na Madam akaona chipu nane zenye vidirisha vidogo vya kioo.

"Kituku, unajua umeweka chai juu ya nini?"

"Si meza, Madam?"

Haikuwa meza. Ilikuwa mashine ya kutengenezea gemu, zile za makabati makubwa ya kuchezwa kwa sarafu. Watengenezaji huitumia kuandika na kujaribu gemu kabla haijauzwa. Mashine hizo hutengenezwa chache, na nyingi hutupwa. Madam alieleza kwamba gemu hukaa ndani ya chipu zile, na jua likipenya vidirishani kwa muda mrefu, kila kitu hufutika. Karatasi za kuziba zilikuwa zimebanduka kitambo. Kilichozikinga na jua la Voi miaka yote ile ni kitambaa cha mamake Kituku. Tangu siku hiyo Kituku hujiita mhifadhi.

Madam aliomba mwezi mmoja. Akapewa hadi Ijumaa saa sita. Alikuta betri imevuja na kula njia za shaba, na familia ya mijusi karibu na transfoma. Mijusi walihamishwa kwa heshima. Alisugua uchafu kwa siki na mswaki, akaunga njia zilizokatika kwa nyuzi nyembamba kama unywele. Jumatano aliiwasha, na jengo zima likazimika, fotokopi ya zamani ikiwa imemeza nusu ya mtihani wa upishi.

Alhamisi aliazima runinga kuukuu ya Mbinya wa kantini. Picha ikaja, lakini imelala ubavu. Walimu wote tukapinda shingo. Madam akasema gemu nyingine zilichezwa kwenye skrini iliyosimama wima, akailaza runinga ubavu.

"Madam, ukiivunja utakuja kunisomea habari ya saa moja kwa mdomo!" Mbinya akalalamika.

Kwenye skrini akatokea bata aliyebeba mikate, mbwa watatu nyuma yake. Ijumaa, mnunuzi alipofika na mkokoteni, alimkuta mkuu ameinama mbele ya runinga, akibonyeza vitufe vya kengele za mlango ambavyo Madam alikuwa ameviunganisha.

"Rudi wiki ijayo," mkuu alisema bila kugeuka.

Madam alinakili chipu zote, akatuma picha kwa watu wa mtandaoni wanaofufua mashine kama hizo. Walimjibu kwamba gemu hiyo haikuwahi kutoka. Kampuni ilifungwa kabla gemu haijakamilika. Wiki iliyofuata mama mmoja wa Japani waliyemtafuta, Bi. Haruko, wa miaka sabini na mmoja, akatupigia simu ya video. Yeye ndiye aliyeiandika. Aliambiwa zamani kwamba kazi yake ya miaka miwili ilitupwa. Alipomwona bata wake akikimbia, alifunika uso kwa mikono.

Madam hajui Kijapani. Alisema tu, "Pole, mama. Tumekutunzia." Kisha naye akalia, na Kituku, na Mbinya. Mkuu hakulia, alikuwa anacheza.

Leo wanafunzi wanajifunzia kwa mashine hiyo. Hatua ya tatu ya gemu haikuwahi kuandikwa, na mabibi hawa wawili wameamua kuiandika pamoja kuanzia Januari, Madam akiwa nyumbani Mgange. Madam anataka bata apande Milima ya Taita. Bi. Haruko, kupitia programu ya kutafsiri, anauliza kwa nini asiruke. Mazungumzo bado yanaendelea.

Asante, Madam, kwa kutufundisha kukifungua kitu kabla ya kukiita takataka. Nenda salama. Tunakuombea afya, majirani wema, na umeme usiokatika.

Syombua Nthambi, Idara ya Ushonaji