Tadeo Qamara, Aliyevikalisha Vita Chini

Baba Paroko, masista, viongozi wa serikali mliofika, wazee wetu wa Daudi, na ninyi mliopanda huku juu tangu juzi kutoka Gehandu na Getanuwas, shikamooni wakubwa wote, na Tumsifu Yesu Kristo. Kwa wasionifahamu, naitwa Imakulata, mtoto wa pili wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, na familia imenituma nisome maisha ya baba yetu kabla hatujamlaza. Jana mchana kiongozi mmoja tunayemheshimu, na ambaye nimemwona amekaa hapa, alitujia akatuomba kwa upole kwamba tusome kuzaliwa, ndoa, watoto na ugonjwa, yale mengine tuyaache kwa ajili ya amani, nasi tukampa chai, tukamshukuru, alipoondoka tukakaa kama familia, tukakubaliana kwamba baba hakuishi maisha yenye ukurasa wa kurukwa, kwa hiyo nitasoma yote.

Marehemu Tadeo Qamara Margwe alizaliwa tarehe 14 Mei 1941 hapa hapa Daudi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Qamara Margwe na Mama Kornelia, bibi yetu, aliyetutangulia mwaka 1989. Alibatizwa tarehe 6 Julai 1941, akaanza shule ya misheni mwaka 1950, akamaliza darasa la nane huko Mbulu mwaka 1958, na mwalimu wake alizoea kusema kwamba Tadeo ni mtoto mtiifu kuliko wote mpaka umpe amri isiyo na maana, hapo hata umchape vipi hasogei.

Mwaka 1960 alipata kibarua cha kuendesha trekta la misheni, na mwezi Machi 1970 aliajiriwa kwenye mashamba ya ngano ya serikali huko chini uwandani Hanang, akaanza na trekta, mwaka 1974 akapewa kombaini, na niseme ukweli, baba aliipenda ngano, aliipenda ile mashine, alikuwa akija likizo anatuonyesha masuke na kutuambia kwamba mkate wanaokula watu wa mjini umepita mikononi mwake. Alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Fransiska, tarehe 2 Septemba 1967, wakajaliwa watoto sita, wawili walifariki wakiwa wadogo, wanne tupo hapa mbele yenu.

Kuna jambo la mwaka 1977 ambalo ni lazima nilitaje, ingawa kwenu ni la kawaida. Mwaka huo babu alipeleka ng'ombe jike mwekundu kwa familia ya Mzee Gidahosh wa Getanuwas, kama tunavyofanya wengi wetu wa huku juu ambao malisho yametubana, ng'ombe anakaa kwa rafiki yako wa uwandani, yeye anamlisha na kunywa maziwa yake, ndama mnagawana, na kila mtu anajua mnyama ni wa nani kwa mkato wa sikio.

Novemba 1978 baba alikwenda na mgambo kwenye Vita vya Kagera, akarudi Agosti 1979 na kovu begani, na juu ya vita vile hatukuwahi kumsikia akilalamika, alisema adui alivuka mpaka, wakamtoa, basi. Alirudi kwenye kombaini yake, na kwa sababu ya Kagera mwaka 1980 akachaguliwa kamanda wa mgambo wa kata.

Sasa nafika kwenye ule ukurasa.

Tarehe 17 Septemba 1983, siku ya Jumamosi, uliitishwa mkutano wa hadhara hapa Daudi, akasimama mkuu mmoja wa wakati huo, ambaye hatutamtaja, si kwa kumwogopa, ila ana watoto na wao hawajatukosea, akatangaza kwamba wafugaji wa uwandani wametuibia ng'ombe, kwamba uvumilivu umefika mwisho, kwamba kuanzia siku hiyo ni vita, na kwamba mgambo na vijana wote wenye nguvu watashuka Getanuwas na pinde na marungu, warudishe mifugo, na wezi waondolewe katika nchi ile. Kama ushahidi aliletwa ng'ombe jike mwekundu aliyekamatwa huko chini akiwa na mkato wa sikio wa huku juu, watu wakaanza kupandwa na hasira, ndipo bibi yetu Kornelia akasimama na fimbo yake, akamsogelea yule ng'ombe, akamshika sikio, akauliza kwa sauti, "Huyu ni wangu, nani amemtoa kwa Gidahosh bila kuniambia?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, maana mkuu yule hakuwa mtu wa huku, alikuwa ameagiza atafutwe mnyama yeyote mwenye alama ya Mbulu aliyeko Hanang, bila kujua kwamba alama hiyo kwetu ni ya urafiki, na wanyama wa namna hiyo huko uwandani ni wengi. Bibi aliambiwa anyamaze, mkutano ukaendelea, na kicheko hakikuzuia kitu, kwa sababu vijana walikuwa wameshaahidiwa mgao wa ng'ombe watakaotekwa, tena na kazi kwenye shamba jipya la ngano, na baba mwenyewe aliitwa pembeni akaahidiwa kuwa msimamizi wa shamba hilo, na nyumba ya bati na mshahara ambao mama yetu hakuwahi kuuota.

Hilo neno shamba jipya ndilo lililomfungua baba macho. Mwezi Julai mwaka huo huo, majira ya mavuno yakianza, alikuwa ametolewa kwenye kombaini akaambiwa avute tela la vigingi vya wapima ardhi, vyenye vichwa vyekundu, avipeleke Getanuwas, akavishusha kwa mikono yake, naye aliambiwa ni vya barabara, sasa akajua ni vya shamba hilo. Wakati huo hakuna mtu yeyote aliyekuwa ameibiwa ng'ombe. Wafugaji walikuwa wameshaombwa kuhama na wamekataa, kwani ndiyo nchi ya makaburi ya baba zao, na serikali isingependa ionekane inafukuza wananchi wake ili ipande ngano, lakini watu wa juu na watu wa chini wakiuana, hapo serikali itakuja kama msuluhishi, itawahamisha wafugaji kwa usalama wao, na asubuhi yake matrekta yataingia. Ndugu waombolezaji, vita vile vilikusudiwa kuzaa magunia ya ngano, na sisi, watoto wa Daudi, ndio tuliokuwa tumepangiwa kuua na kuuawa.

Wengi walimwuliza baba kwa nini hakukataa pale pale mkutanoni, naye alijibu kila mara kwamba angekataa pale wangemtafuta kamanda mwingine kabla ya jua kuzama. Alipiga saluti, akakubali, na Jumatatu tarehe 19 akawapandisha vijana kwenye malori, na malori yenyewe yalikuwa ya shamba la ngano, madereva wakiwa wenzake wa kazi, wakateremka mpaka kwenye kile kilima ambacho ukisimama unaona maboma ya Getanuwas yote. Hapo aliwashusha, akawapanga mistari, akawatembeza mpaka kwenye vigingi vyekundu, akawaeleza yote niliyowaeleza, tena kwa lugha yetu ili yeyote asidai hakuelewa, kisha akatoa amri ya mwisho aliyoitoa akiwa kamanda, akawaambia wakae chini. Kuna mmoja alimwambia kwamba ni mwoga, baba akamjibu, "Vita nimeshapigana, hii siyo vita, hii ni kibarua cha kufyeka," naye akawa wa kwanza kukaa.

Walikaa siku hiyo na iliyofuata. Mkuu alikuja na gari akawafokea kwa kipaza sauti, wakamsikiliza wakiwa wamekaa, akaamuru malori yaondoke yawaache bila chakula, yakaondoka, na mchana wa pili akatokea mama yetu Fransiska na wanawake wa Daudi, wamebeba ugali na maharage, huku upande wa pili wanawake wa Getanuwas wakipanda kilima na vibuyu vya maziwa, na mama alipoulizwa na mkuu anapeleka wapi chakula cha vita, alimjibu, "Shikamoo mzee, hiki ni cha watu waliokaa." Vijana walirudi nyumbani, na hakuna tone la damu lililomwagika. Baadhi ya vijana wale wapo hapa leo, nywele zimeingia mvi, na ninawashukuru kwa kukaa.

Tarehe 23 Septemba 1983 baba alikamatwa, akafukuzwa kazi, akakaa mahabusu bila kusomewa shitaka lolote hadi tarehe 11 Novemba 1984. Aliambiwa kwamba akikubali tu kusema wafugaji walimhonga ng'ombe, siku hiyo hiyo atarudi kwenye kombaini yake, akakataa, na nawaambieni kama mtoto wake kwamba tulikuwa na njaa, na mimi nilimkasirikia, na leo simkasirikii.

Sitawadanganya kwamba alishinda. Alipokuwa ndani, matrekta yaliingia Getanuwas hivyo hivyo, bila kisingizio cha vita, mbele ya macho ya watu wote, na kaburi la baba mzazi wa Mzee Gidahosh, kile kichuguu kirefu cha udongo wanachowajengea wazee wao wa heshima, lilipitiwa na jembe. Alipotoka alilima mahindi na maharage hapa, na mwaka 1988 wafugaji walipofungua kesi alikwenda Arusha akatoa ushahidi, akaitwa tena, akaenda tena, kila safari amevaa koti lile lile la harusi, na kesi hiyo mpaka leo haijaisha.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua mwaka 1991, akatibiwa nyumbani, baadaye hospitali ya Haydom, tarehe 20 Februari 1994 alizidiwa akalazwa tena, na tarehe 9 Machi 1994, Jumatano, saa tano asubuhi, Bwana alimchukua, mama akiwa amemshika mkono. Aliacha agizo moja tu, kwamba historia yake isikatwekatwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Haydom, tunawashukuru majirani waliotulimia shamba wakati wa ugonjwa, jumuiya yetu, na wafanyakazi wa mashamba ya ngano waliokuja hapa bila ruhusa ya kazini, na tunamshukuru yule kiongozi wetu wa jana kwa kukaa na kunisikiliza mpaka mwisho, chai ipo tena.

Mzee Gidahosh, mnayemwona karibu na jeneza na kibuyu chake, ametuletea udongo alioukusanya katikati ya ngano, mahali lilipokuwa kaburi la baba yake, anaomba aumwage juu ya kaburi la baba yetu, na anasema wanawe watakuja kila mara kuongeza mwingine, kama wanavyowafanyia wazee wao. Desturi hiyo sisi hatuna, tulimwuliza Baba Paroko, akasema udongo wote ni wa Mungu, na familia imekubali kwa furaha na machozi.

Baba, maisha yako yote ulituambia tukae chini tunapoamriwa ubaya, tumesikia, tumeshika. Leo umekaa wewe, usiinuke tena kwa amri ya mtu, mahakamani Arusha wataita jina lako mwezi wa tano, nami nitasimama. Pumzika kwa amani.