Paschal Kwizera, Mwenye Zamu ya Kushuka Mwisho

Afisa Mteule Paschal Kwizera amelitumikia jeshi la majini miaka thelathini na mmoja, akastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wasifu huu wa kusomwa leo kwenye sherehe ya kumpokea nyumbani ulikuwa uandikwe na mwenzake wa kazini, lakini mimi Dafroza, mama yake mzazi, nimeomba kalamu. Nimeishia darasa la saba, sawa, lakini huyu nimemzaa mimi.

Alizaliwa hapa Nyakisasa, mtoto wangu wa nne. Alipochukuliwa jeshini, jirani yetu Bukuru alicheka mpaka akakaa chini: "Mama Paschal, mtoto hajui hata kuogelea, majini watamweka wapi?" Kweli hakujua. Mto Ruvubu una mamba, nani angemfundisha? Leo Bukuru amekaa mstari wa mbele, na namwona hacheki.

Kazi yake ilikuwa kuwapakia melini wanajeshi wa nchi kavu na vifaa vyao, wanapotumwa ng'ambo. Watu hudhani wanapanda tu kama basi la Biharamulo. Thubutu! Kila gari hupimwa uzito, maana upande mmoja ukizidi, meli hulala ubavu. Magurudumu huwekewa kabari, minyororo ikakazwa. Risasi hukaa mbali na mafuta. Kitakachohitajika kwanza wakifika ndicho hupakiwa mwisho, kiwe karibu na mlango. Halafu askari huhesabiwa wakipanda, wakahesabiwa tena wakishuka, na Paschal hatoki mpaka hesabu itimie. Yeye hushuka wa mwisho. Safari kumi na moja amefanya hivyo, hajapungukiwa hata mtu mmoja. Asiyeamini awaulize hao waliokuja na sare.

Hata likizo alikuja na kazi yake. Mwaka mmoja alisimamisha lori lililobeba maharage yetu pale Lusahunga, akashusha magunia yote na kuyapanga upya. Dereva alinung'unika: "Afande, haya ni maharage, siyo vifaru!" Halikuanguka hata gunia moja, na nasikia dereva yule mpaka leo anafunga kamba kama alivyofundishwa na mwanangu.

Lakini nisiwafiche, kazi hiyo imetuchosha. Baba yake alipofariki, Paschal alikuwa baharini na askari mia tatu. Alifika siku ya tisa, akakuta udongo wa kaburi umeshakauka. Hatukumlaumu. Angewaacha watoto wa wenzangu majini? Alikaa siku mbili, simu ikalia, akaondoka. Tangu hapo, kila likizo begi lake hukaa nyuma ya mlango, limefungwa. Anatoa shati, analivaa, likifuliwa analikunja na kulirudisha begini. Mkewe Evarista alishachoka kusema. Mimi nimelizunguka begi hilo na ufagio miaka kumi na sita.

Mwezi uliopita alirudi moja kwa moja, tukashangilia. Begi likakaa palepale. Kumbe wamemwomba arudi kwa mkataba akafundishe vijana kupakia. Jibu bado hajatoa. Sijamwuliza. Nimepigilia tu msumari ukutani, juu ya kitanda chake.

Mwanangu, miaka yote umesimama kwenye mlango wa meli ukingoja wengine watoke. Wametoka, baba. Kila mmoja amefika kwa mama yake. Amebaki wa kwangu.

Tunawashukuru wakubwa wake waliomlea, wenzake waliokula naye chumvi ya bahari, na Evarista aliyeilinda nyumba peke yake. Na wewe Paschal, Mungu akujalie siku ndefu zisizo na simu, na usingizi wa mchana mpaka mbu wakuamshe.

Hili nimeliongeza kwa kalamu, karatasi ilikuwa imeshapigwa chapa: leo asubuhi nimekuta shati limetundikwa kwenye ule msumari. Moja. Nimelihesabu mara mbili.