Bibi Kahonzi Hakuuachilia Mkono wa Mke Mwenzake

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Leo tuko Magarini, nyumbani kwa marehemu Bibi Kahonzi, aliyezikwa juzi. Ndiye yule aliyekwenda bomani Malindi mwaka 1914 kumdai mumewe.

Mumewe, Fondo, alikamatwa na askari pamoja na wanaume wengine wa kijiji, wakaibebee Serikali mizigo. Fondo alikuwa na wake wawili: Kahonzi mkubwa, Sidi mdogo. Na wivu wao, wacha tu! Akipika huyu, yule husema chumvi imezidi.

Wanawake wa kijiji wakakubaliana waende kuwadai waume zao. Kahonzi akawaandaa. "Mapanga yabaki nyumbani, hata kisu cha muhogo. Kuleni mshibe. Askari akitukana, msimjibu. Mkalimani wa boma alitangaza mwenyewe: mwenye shauri aje mchana, atasikizwa. Hiyo ni haki yetu, tuishike. Vueni shanga na vikuku, msije mkavutwa navyo. Na twendeni wawili wawili, mkono kwa mkono. Asiachwe mtu."

Sidi hakuvua kitu. Bibi Sidi yu hai, ni kikongwe sasa, na hasira bado anazo. "Nilijua ataka Fondo anione kama gogo," aliniambia. "Halafu akanichagua mimi niwe mwenziwe! Nikasema, huyu ananichunga."

Kufika bomani, askari akamkamata Sidi kwa shanga za shingoni, akamburura. Kahonzi ndiye aliyetazamiwa kusema mbele ya bwana shauri, Mzungu mkuu wa boma. Ndiye angemwona Fondo kwanza. Lakini hakuuachilia ule mkono. Wakafungiwa wote wawili. Wenzao wakalisema shauri hadi wanaume wakaachiliwa, na wake wale wawili pia.

Mwana wa Bibi Kahonzi, Mzee Kalama, anasema: "Mama hakulisimulia jambo hilo kamwe. Mama Sidi ndiye alisimuliaye, na kila mara hununa."

Nilimuuliza Bibi Sidi kwa nini anune, naye hakuachwa peke yake. "Afadhali angeniacha," akajibu, "nikamchukia kwa raha zangu."

Mzee Kalama na jamaa wote, poleni kwa msiba, makiwa. Nasi tuliobaki tujiulize: siku ya kwenda kudai haki, tutamshika mkono yule tumpendaye tu?

Nawe Bibi Sidi, makiwa. Fondo alitangulia miaka mingi iliyopita. Bibi Sidi alipoletewa habari ya mke mwenzake, alisema, "Amewahi. Sasa Fondo ni wake peke yake." Akajifunika kanga usoni, akalia.