Rafu ya Tennessee ya Bi Nurjehan

Mheshimiwa Diwani Surinder. Mkuu wa maktaba yetu, Bi Jennifer. Mzee Pravin, mwenyekiti wa jumuiya ya watu wa Afrika Mashariki hapa Harrow, London. Wazee wangu, mama zangu, wasomaji wa maktaba hii, wakubwa kwa wadogo. Na wewe Bi Nurjehan, uliyekalishwa mbele kwa lazima na unayetamani ardhi ipasuke uingie: nawasalimu nyote. Wa shikamoo, shikamooni. Wa hujambo, hamjambo?

Kwa msionijua, naitwa Kamande. Nimefanya kazi na Bi Nurjehan humu ndani tangu mwaka 1993, miaka ishirini na sita sasa. Hotuba ya Kiingereza aliletewa jana na watu wa ofisi kuu, pamoja na keki na saa ya ukutani. Leo ameomba Kiswahili, kwa sababu, alivyoniambia mwenyewe, "Ndiyo lugha pekee ambayo Mpunjabi wa Nairobi, Mgujarati wa Mombasa na Mkikuyu kama wewe mnaweza kuikosea kwa pamoja." Basi nikiteleza mtamwona anakunja uso. Msijali, mimi nimezoea.

Nimesimama kumuaga, lakini pia nina shida, na shida yenyewe inamhusu kila mtu aliyeketi humu. Nitaifikia.

Kwanza tazameni rafu ile ya mwisho, pale karibu na dirisha. Ina vitabu themanini na tatu. Vyote vinahusu jimbo moja la Marekani, jimbo la Tennessee: historia yake, nyimbo za milimani, dawa za majani na magome, hadithi za mizimu, mablanketi yanayoshonwa kwa viraka, namna wanavyopanda maharage kwa kufuata mwezi na namna wanavyozikana. Mtauliza, Tennessee na Harrow wapi na wapi?

Vililetwa mwaka 1989 na msomaji wetu, marehemu Bwana Harrison, mwalimu mstaafu kutoka huko huko Tennessee, aliyeoa hapa na kuzeekea hapa. Alipojua kuwa ugonjwa wake si wa kupona, alimwita Bi Nurjehan, akamkabidhi vitabu vyote na kumwomba jambo moja tu: visitupwe. Bi Nurjehan akamwambia, "Havitatupwa." Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Lilikuwa neno tu, basi.

Sasa, ndugu zangu, maktaba ina kanuni zake. Kitabu kisichoazimwa kwa miaka mitano huondolewa rafuni, kikaenda kusagwa. Na nani wa Harrow angeazima kitabu cha nyimbo za wafumaji wa Tennessee? Mzee Pravin, ungeazima wewe? Anatikisa kichwa. Angalau ni mkweli.

Mwaka 1997 nilipewa kazi ya kuorodhesha vitabu vilivyokufa; ndivyo tulivyoviita. Nikaiendea rafu ile na toroli tupu, nikiwa na hakika kwamba nitarudi nalo limejaa. Nikafungua kitabu cha kwanza, nikatazama karatasi ya tarehe: kimeazimwa. Cha pili, kimeazimwa. Nikaenda hivyo mpaka cha themanini na tatu, na vyote vilikuwa hai. Nikakimbilia kompyuta kumtafuta huyo Mmarekani aliyejificha Harrow. Nikakuta kadi moja tu, nayo ilikuwa ya Nurjehan.

Nisiwafiche, nilikasirika. Nilikuwa kijana mwenye tai, na nilipenda kanuni kuliko nilivyopenda watu. Nikasema moyoni, huyu mama anagonga muhuri na kurudisha kitabu bila hata kukifungua. Nikamfuata kaunta, nikamwambia, mbele ya wasomaji, kwamba anaidanganya maktaba.

Hakuinua sauti. Alisema, "We Kamande, hivyo vitabu vimekukosea nini? Haya, lete chochote, fungua popote, niulize."

Nikafungua. Nikamuuliza, mfuga nyuki akifa huko Tennessee, watu hufanya nini? Akanijibu huku anapanga kadi zake: "Mtu wa nyumba ile huenda kwenye mizinga, akagonga mmoja mmoja kama anayepiga hodi, akawaambia nyuki kwamba bwana wao amefariki. Wasipoambiwa, huhama." Nikafungua kingine, habari za kuimba kanisani. "Huimba kwanza majina ya sauti, fa, so, la, bila maneno, wimbo mzima, ndipo warudi mwanzo na maneno yake. Na huo ukurasa ulioushika una picha ya mwanamke amefumba macho."

Nikatazama. Mwanamke alikuwa amefumba macho.

Wakubwa zangu, nilirudi kwenye kompyuta, nikazipitia tarehe zote. Bi Nurjehan alikuwa anaazima kitabu kimoja kila wiki tatu. Anakisoma chote, anakirudisha, anachukua kinachofuata. Piga hesabu: vitabu kumi na saba kwa mwaka, na kabla miaka mitano haijatimia ameshafika mwisho wa rafu na kuanza upya, wala hakuna hata kimoja kilichofikiwa na kanuni. Nilimuuliza, mbona usigonge mihuri yote siku moja, ukapumzika? Aliniangalia kama nimemwambia ale mchana wa Ramadhani. "Kugonga muhuri kitabu ambacho hujakisoma," akasema, "ni kuapa uwongo."

Mpaka leo ameizunguka rafu ile mara sita. Mara sita! Alisoma alipokuwa akimuuguza mama yake. Alisoma ndani ya eda, alipofiwa na mumewe. Alisoma kwenye treni ya asubuhi, amesimama, mkono mmoja umeshika chuma. Ahadi aliyompa mtu mmoja aliye kaburini ameitimiza miaka thelathini, na sisi wengine tukiahidi kupiga simu Jumapili, Jumatatu tumeshasahau. Mambo haya yanatoka wapi ndani ya mtu? Nilijiuliza hivyo kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2011.

Mwaka huo aliingia kwa mlango ule bibi wa miaka themanini na minane, jina lake Lydia, akisindikizwa na mjukuu wake aliyekuwa akisoma hapa London. Bibi huyo alizaliwa Tennessee, katika bonde lililoitwa Kijito cha Pell. Msilitafute kwenye ramani. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu lilijengwa bwawa la umeme, bonde likajaa maji, na nyumba, kanisa na shule vikabaki chini ya ziwa. Lakini kabla maji hayajaingia, mwalimu wa shule ile alitembea bondeni kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, akaandika nani anaishi wapi na nyumba yake inajulikana kwa lipi, akachapisha kijitabu cha kurasa sitini. Bi Lydia alikitafuta kwao maisha yake yote asikione. Mjukuu alikikuta kwenye orodha ya maktaba ya Harrow, katika rafu ya marehemu Harrison.

Bi Nurjehan akakileta. Yule bibi akakipokea, akakipapasa jalada, akasema macho yake hayasomi tena. Mjukuu akanyoosha mkono ili amsomee. Bi Nurjehan akamwambia, "Ngoja, mwanangu." Akakiacha kijitabu kimefungwa mapajani mwa bibi, akavuta kiti, akaanza kupanda bonde lile kwa mdomo, nyumba baada ya nyumba. Walizungumza kwa Kiingereza. Nawapeni kwa lugha yetu. "Mkono wa kulia, mhunzi na binti zake watano. Mkono wa kushoto, mjane anayetibu kikohozi kwa asali na magome ya mti. Ukivuka daraja la mbao, mzee anayechonga fidla na hauzi hata moja." Mimi nilikuwa nimesimama kando na toroli langu, nimesahau nilikuwa nalipeleka wapi. Akafika nyumba ya kumi na moja. "Mti wa mapeasi mlangoni. Mama anayefuma huku anaimba. Na mtoto wa kike asiyetulia."

Bi Lydia akasema, "Huyo mtoto ni mimi."

Alilia, na hakulia peke yake. Kisha akamshika Bi Nurjehan mkono, akamuuliza, "Na ninyi mlihama mwaka gani? Yenu ilikuwa nyumba ipi?"

Mmeona? Alidhani ni jirani yake! Bibi wa Tennessee alimsikiliza mama wa Unguja mwenye mtandio na bangili za Kigujarati, akaamini kabisa kwamba walichota maji kijito kimoja. Katika maisha yangu sijasikia sifa kubwa kuliko ile, na haikukusudiwa kuwa sifa.

Bi Nurjehan akamjibu, "Mimi sijafika kwenu, bibi. Mimi ni mtu wa Unguja. Tulihama mwaka mmoja baada ya mapinduzi, nikiwa na miaka kumi na miwili."

"Na mtaa wenu aliuandika nani?"

Bi Nurjehan, mwenye jibu refu la kila kitu, alijibu kwa neno moja. "Hakuna," akasema.

"Basi anzia kona ya kwanza," Bi Lydia akamwambia. "Mimi sina haraka."

Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na minane. Nilijua anavyopenda chai yake, nilijua jino lake linalomsumbua, na sikuwahi kumsikia akitaja hata mlango mmoja wa Unguja. Siku ile aliitaja milango yote. Kona ya kwanza, duka la vitambaa la Chaman, ambaye alipima kwa mkono wake na daima alizidisha. Linalofuata, Bi Mgeni wa mkate wa kumimina, aliyewajua watoto wote kwa hatua zao. Barazani kwake, wazee wawili waliokosana na bado hukaa pamoja kila jioni wasisemezane. Firoz fundi saa, ambaye saa zake zote ukutani zilisema nyakati tofauti. Na kwao Nurjehan, ghorofa ya juu, kabati la vitabu la baba yake, lililobaki limefungwa kwa ufunguo, na ufunguo wakaja nao.

Ufunguo wakaja nao, ndugu zangu. Ndipo nikaelewa rafu ile. Vitabu vya baba yake hakuweza kuvilinda, basi akalinda vya mtu mwingine.

Bi Nurjehan, mwaka 1997 nilikuita mwongo mbele ya watu, na sijawahi kukuomba radhi. Leo, mbele ya watu, nakuomba unisamehe.

Sasa ile shida. Kuanzia tarehe mosi Julai kanuni inabadilika: si miaka mitano tena, ni miwili. Katika miaka miwili, mtu mmoja anayesoma kwa uaminifu humaliza vitabu thelathini na vinne. Hesabu ni ya Bi Nurjehan mwenyewe, nami nimeihakiki. Vinavyobaki ni arobaini na tisa, na hivyo vitasagwa, visipopata wasomaji wengine. Kwa maneno mengine, kazi iliyofanywa na mwanamke mmoja kwa miaka thelathini sasa inatuhitaji sote, na bado sina hakika kama sote tutamtosha.

Kwa hiyo sitawaomba makofi. Naomba mtu yeyote asitoke humu bila kitabu. Kadi ya kwanza ni yangu: nimechukua cha nyuki. Mheshimiwa Diwani, wewe nimekuwekea cha siasa za milimani, utajikuta humo. Mzee Pravin, kile cha nyimbo za wafumaji kinakusubiri, na usinitikisie kichwa mara ya pili. Wenye watoto wanaojibu Kiswahili kwa Kiingereza, leo tumewapatia dawa: vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, wavisome, kisha wawasimulieni ninyi kwa Kiswahili. Mihuri atagonga Bi Nurjehan mwenyewe, kwa mara yake ya mwisho katika kaunta ile. Na nawaonya mapema: mkirudisha, atawauliza maswali.

Nimebakiza jambo moja. Siku ile ya mwaka 2011, Bi Nurjehan alipokuwa anausimulia mtaa wake, sikusimama bure. Niliandika nyuma ya fomu za kuombea vitabu, fomu kumi na tisa, kwa mwandiko ambao hata mke wangu hausomi. Imenichukua miaka minane kupata ujasiri wa kuzipiga chapa. Bi Jennifer amekubali, nimezijalidi, zimeingizwa kwenye orodha, na kuanzia leo rafu ile ina vitabu themanini na vinne.

Nawashukuru, wapendwa wageni, kwa masikio yenu na subira yenu. Foleni inaanzia hapa niliposimama. Nawe Bi Nurjehan, njoo upokee. Usilie kwanza, na usitafute makosa ya Kiswahili, nayajua yapo. Na usidhani ni zawadi. Hiki sikupi, nakuazima. Nimekigonga muhuri wa leo, tarehe kumi na tano Juni. Kinatakiwa hapa tarehe sita Julai, ukirudishe kwa mkono wako, kwa sababu nyuma yako kuna watu kumi na wanane walioandikisha majina yao wakiungoja mtaa wenu.