Panya Mmoja Ndani ya Barua

Mwaka wa hamsini na saba, pale Thika, nje ya lango la shamba moja la mkonge, palikuwa na ubao uliolazwa juu ya madebe mawili, na mwenye ubao alikuwa Nekoye, mama wa Kibukusu aliyeuza kahawa chungu ya birika. Ukiukalia ubao ule, ulipewa jina jipya kabla ya kikombe. Kitheka aliitwa Keya, yaani askari wa KAR, kwa sababu alipigana vita vya Burma. Jeconia aliitwa Kamusi kwa sababu alifagia ofisi ya karani na, kwa maneno yake mwenyewe, Kiingereza kilimwingia pamoja na vumbi. Musau naye alikuwa na jina lake la ubaoni, ila leo hakuna aliyethubutu kumtania. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu meneja amwite mwizi wa mkanda wa mashine mbele ya watu wote, na sasa alikuwa ameletewa barua ya mstari mmoja. Siku zile za Hali ya Hatari, mstari mmoja ulitosha kumpeleka mtu mbali.

– Soma basi, Kamusi, – Musau alisema. – Kama ni jela, nijue nikiwa nimekaa.

Jeconia akaisogeza barua hadi kwenye ncha ya pua.

– Yu. Hiyo ni wewe. Hev bin… Bin ni pipa la takataka.

– Nani alikudanganya? – Kitheka akadakia. – Bin ni mtoto wa fulani! Sajini wetu Burma alikuwa Salim bin Juma. Barua inasema Musau ni mwana wa… wa nani hapo mbele?

– Wa hili neno refu. E, X, O, N, E, R, A, T, E, D. Herufi kumi!

– Kumi! – Nekoye akaacha kumimina. – Uuwi. Neno fupi huonya, neno refu hufunga.

Musau alijua hakuna methali kama hiyo, lakini aliiamini.

– Urefu si shida, – Kitheka akasema. – Shida ni hiyo X. Mimi najua X vizuri. Tax, hiyo kodi, iko na X. Box ya maiti iko na X. Mimi mwenyewe ni ex-askari, na siku waliniwekea hiyo X, hata kofia walichukua. Mzungu akiweka X kwa kitu, hiyo kitu kwisha. Wahenga walisema, damu ni nzito kuliko maji.

– Sasa damu imeingilia wapi? – Musau akauliza.

– Itaingia. Ngoja tu.

Jeconia alikuwa akifunika herufi kwa kidole, moja moja.

– Hebu nyamazeni. Ukifunika huku na huku, katikati kuna ONE. Moja. Na nyuma yake… – sauti ikamnywea – R, A, T.

– Ndiyo nini? – Musau akauliza.

– Panya.



– Panya mmoja, – Jeconia akarudia, taratibu, kama anayetoa pole ya msiba. – Na anayeguguna vitu vya ghala ni nani, ndugu yangu?

– Na hiyo ED ya mwisho? – Nekoye akauliza.

– Ni sahihi ya meneja. Si anaitwa Edward? Amefupisha.

– Basi imenyooka, – Kitheka akasema. – X. Panya mmoja. Wako, Ed.

Nekoye akamwongezea Musau kahawa bila kuombwa.

– Kunywa, baba, halafu upande basi la Machakos. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Musau alikuwa ameshasimama. Akikaa, watamfunga. Akitoroka, mwanawe ataitwa mtoto wa mwizi mpaka aote ndevu. Hakuwa amechagua bado alipomwona Kanini, binti wa dada yake, mwalimu wa darasa la pili huko Ruiru, akija na kikapu cha ndizi.

– Wakya, Kanini? – Musau akamsalimia kwa Kikamba.

– Aa, mjomba. Mbona mmekaa kama matanga?

Akapewa barua. Akaisoma mara moja tu.

– Inasema huna hatia. Wamechunguza wakaona hukuiba. Lawama yote wamekuondolea.

– Na panya? – Jeconia akauliza.

– Hakuna panya, mzee.

– Na X?

– Mzee Keya, X ni herufi kama nyingine.

Musau akakaa chini kwa kishindo, kahawa ikamwagika.

– Sikuiba, – akasema, kama mtu anayepewa habari.

Wote wakacheka kwa furaha, isipokuwa Kanini. Aliigeuza karatasi nyuma, akaigeuza tena mbele.

– Mjomba, siku ile walikuita mwizi kwa lugha gani?

– Kiswahili. Meneja alipanda juu ya trela akapiga kelele, hata wapishi wakasikia.

– Basi mbona wamekusafisha kwa Kiingereza, tena ndani ya bahasha?

Musau akageuka kulitazama lango.

Langoni, watu wa zamu walianza kutoka, nyuzi za mkonge vichwani kama mvi.

– Kanini, – Musau akasema. – Panda hapa juu ya ubao.

– Nifanye nini?

– Lisome hilo neno kwa Kiswahili. Lakini usilisome kama barua. Piga kelele.

Nekoye akaondoa vikombe. Kanini akavua viatu, akapanda.