Mzee Mwishehe na Gari Lililokunywa Oili

Mwishehe Salehe Kondo, dereva wa kituo chetu cha huduma za wagonjwa majumbani hapa Mwananyamala, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe kwa sababu mimi ndiye ninayekaa mapokezi, na kwa miaka mingi yeye ndiye wa kwanza kunikuta asubuhi. Nitaandika ninayoyajua. Si yote ya kufurahisha, na yeye mwenyewe asingependa niyapake rangi.

Alizaliwa Mbagala, enzi ambazo huko kulikuwa mashamba ya mikorosho. Ufundi aliuokota kwenye gereji za Temeke, kisha akaendesha lori la saruji mpaka alipoletwa kwetu kuendesha pikapu kuukuu yenye turubai. Kazi yake ilikuwa kuwachukua wagonjwa wasioweza kutembea, kuwafikisha hospitali na kuwarudisha kwao. Kwa miaka yote hiyo hakupiga honi mlangoni kwa mgonjwa hata mara moja. Alishuka, akagonga geti kwa ufunguo wa gari, akabisha hodi. Alisema honi kwenye nyumba yenye mgonjwa huwatoa majirani na kanga zao tayari kwa msiba.

Wauguzi watamkumbuka kwa vitumbua vya Jumatatu, alivyokuwa akigawa huku akidai kwamba mkewe amempa hesabu kamili na atakayezidisha atajibu mwenyewe. Wagonjwa watamkumbuka kwa namna alivyoinama kuwafunga viatu.

Miaka mitatu iliyopita wafadhili walitununulia gari jipya. Lilifika viti vikiwa bado na nailoni. Tulilisomea dua, tukalifukizia ubani, na kwa heshima tukalitengea sehemu yenye kivuli, chini ya bati karibu na geti. Pikapu ilikuwa imezoea kulala juani katikati ya uwanja, nani angeliacha gari jipya huko?

Heshima hiyo ndiyo iliyotuponza. Sakafu ya pale chini ya bati imeinama kuelekea mtaroni. Kila asubuhi Mzee Mwishehe alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kipande cha kanga, akakirudisha na kukichomoa tena, na kila asubuhi kilionyesha kwamba oili imejaa. Gari likiwa limelala upande, oili nayo huegemea upande wa kijiti. Miezi ikapita namna hiyo. Siku moja taa nyekundu ikawaka Barabara ya Kilwa. Akaingia kituo cha mafuta, mahali palipo sawa, akapima. Kijiti kikatoka kikavu.

Alirudi akamweleza Brightson, msimamizi wetu, mbele ya watu wote wakati wa chai. Hakumtaja aliyechagua kivuli. Alisema jicho lililopima ni lake.

Tangu hapo kila alfajiri alilisukuma gari mpaka katikati ya uwanja, akaliacha litulie, ndipo akapima. Alitandika boksi chini ya injini aone kama linavuja, na boksi likabaki safi. Oili haikuwa ikimwagika. Ilikuwa ikiungua ndani, na moshi wa bluu nyuma ukasema hivyo hivyo. Wenzetu wakalipachika gari jina la Mlevi. Yeye hakucheka. Wakala aliyeliuza gari alijibu kwamba injini mpya hunywa kidogo hadi izoee, tuwe na subira. Tulikuwa na subira, na gari likazidi kunywa.

Wakati huo marehemu mume wangu, Anwar, alikuwa mmoja wa abiria wake. Tulikuwa tukikaa Chamazi, na figo zake zilikuwa zimechoka, hivyo alikwenda kusafishwa damu kila wiki. Anwar alikata chupa ya maji akatengeneza faneli, akaupitisha mdomo wake kwenye moto wa kiberiti usichane vidole. Wakisimama kuongeza oili, Mzee Mwishehe alimimina na Anwar akashika faneli. Angeweza kuishika mwenyewe. Alimwachia mgonjwa kazi hiyo asijione mzigo.

Hatimaye wakala alikubali kufanya kipimo. Walijaza oili, wakafunga mfuniko kwa waya uliopigwa muhuri wa lakiri, wakaagiza gari litembee kilomita elfu moja bila kuongezwa hata tone, kisha lirudishwe wapime kilichopungua. Kikizidi kiwango chao, tungepewa injini mpya. Waya ukikatwa, kipimo kimekufa, na waranti, ile dhamana ya gari jipya, ilikuwa ukingoni, kwa hiyo hapakuwa na kipimo cha pili. Sote tulielewa. Bila injini nyingine, gari lisingeweza safari ndefu, na wagonjwa wetu wa Chamazi wasingekuwa na wa kuwafuata. Mzee Mwishehe alituambia kwamba hataki zawadi ya kustaafu. Anataka kukabidhi gari zima.

Zilikuwa zimebaki kilomita chache. Asubuhi hiyo Anwar alikuwa amevimba, hapumui vizuri, amelala kiti cha nyuma. Walipofika Mbagala Rangi Tatu taa nyekundu ikawaka na injini ikaanza kugonga. Wakasimama pembeni. Gari la wagonjwa lililoitwa kutoka hospitali lilikuwa mbali, na foleni imefunga.

Haya aliniambia Anwar mwenyewe. Alimwomba mzee asiguse waya. Alisema, "Mzee, niache mie nipande bajaji. Kilomita zimebaki kiduchu, gari lipone."

Mzee Mwishehe alikuwa ameshashika koleo. Akamjibu, "Gari halina mke anayelisubiri. Shika faneli."

Akakata.

Siku hiyo Anwar alifika. Jioni alirudi nyumbani, akataka uji wa mchele, akaumaliza. Kipimo kilikufa kama tulivyoambiwa. Brightson aliandika, akaenda, akaandika tena, na kila mara jibu lilikuwa kwamba lakiri imekatwa. Waranti ikaisha. Anwar alifariki Ramadhani iliyofuata, na gari hilohilo lilibeba wazee kwenda makaburini. Wakati wa kurudi lilisimama njiani, karibu na nyumba yetu. Mzee Mwishehe alishuka na kanzu yake nyeupe, akafungua boneti, akatafuta faneli, akaishika kwa mkono mmoja na kumimina kwa mwingine. Nilimwona kupitia dirisha la chumbani. Hakuna aliyeshuka kumsaidia, wala hakuita mtu.

Tungependa kuandika hapa kwamba gari limepona. Halijapona. Linakunywa kuliko zamani, na mwezi uliopita uongozi uliamua kwamba kuanzia Julai lisivuke mipaka ya wilaya yetu ya Kinondoni. Hatuna jingine. Bi Mwanaheri wa Chamazi, ambaye miguu yake haimbebi, alikuwa mgonjwa wa mwisho wa njia ile. Wengine tulidhani atapigiwa simu. Mzee Mwishehe alikwenda mwenyewe, akagonga geti kwa ufunguo kama kawaida yake. Bi Mwanaheri alikuwa amekwisha kujitanda, akidhani ni siku ya hospitali. Alipoelezwa, aliuliza tu sasa nani atamfuata. Mzee alimwomba radhi, na aliporudi alikaa kwenye benchi la mapokezi, ufunguo mkononi. Nilimpa maji. Alisema kama angengoja kidogo tu pale Rangi Tatu asikate waya, labda leo njia ya Chamazi ingekuwepo.

Wiki hii amemfundisha kazi Farida, dereva atakayempokea. Amemwonyesha mahali pa kulisimamisha gari kabla ya kupima, amemwonyesha nyumba ambazo hazipigiwi honi. Faneli ameiacha kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Nilimwambia aichukue iwe kumbukumbu yake, akakataa. Gari bado lina kiu, alisema, na yeye nyumbani hana gari.

Mzee wetu, kituo kinakushukuru kwa miaka ishirini na sita ya kuwafunga viatu watu wasioweza kuinama. Tunajua unaondoka na moyo mzito, na hatuna maneno ya kuupunguzia uzito huo, kwa sababu Bi Mwanaheri anasubiri kweli na sisi hatuna la kumpelekea. Tunamwomba Mwenyezi Mungu akupe uzee mwepesi, na asubuhi za kukaa barazani pako bila kusikiliza injini ya mtu.

Lakini usiseme tena kwamba ungengoja. Lile bakuli la uji wa Anwar nililiosha mwenyewe, na lilikuwa tupu. Ahsante kwa kukata waya.