Weka Jina la Marehemu Hapa

Benchi la kijiwe cha mtaa wa Nkuhungu ni mbao mbili za mninga na miguu minne, mmoja umetegemezwa kwa jiwe. Alilitengeneza Joel seremala kwa mikono yake, na upande wa kulia, pale pasipofikiwa na jua la alasiri, ndipo anapokaa. Leo siku ya tatu pako wazi na hakuna mwenye uso wa kupakalia. Upepo unamwaga vumbi kwenye vikombe, Halfani muuza kahawa anamimina hivyo hivyo, na Sila fundi viatu ameshika kiatu kimoja tangu saa tisa, hajapitisha hata uzi.

Jambo lenyewe ni la aibu, basi lisemwe haraka. Joel alifiwa na mama yake huko Mlali, na kijiwe kizima hakikwenda kuzika. Sila alikuwa na viatu vya shule vya watu. Brighton, wanayemwita Bunge kwa sababu anabeba mafaili ofisini na kuongea kama ndiye aliyeyaandika, alikuwa na kikao. Halfani angemwachia nani birika? Ndipo Gaudence, mwanafunzi wa chuo, Profesa wao, akasema msihangaike. Akaiambia akili mnemba ya kwenye simu iandike rambirambi, ikaandika maneno mazito ya kuliza, akawarushia wenzake, nao wakamrushia Joel vilevile. Hakuna aliyesoma mpaka mwisho. Mwisho ulisema: "Hatutamsahau kamwe mama yetu mpendwa, weka jina la marehemu hapa."

Joel aliupata ujumbe huo mara nne ndani ya nusu saa. Jumatatu alirudi, akapita ng'ambo ya barabara, akainua mkono, akaenda zake.

— Mimi nasema ni mtandao, alianza Bunge. Siku ile ulikuwa unasumbua. Jina lilikuwepo, likadondoka njiani.

— Lidondoke mara nne?

— Kama mnara ni uleule, hata mara kumi.

Profesa alikataa. Kwa maelezo yake, ile akili ilifanya makusudi, inawapima binadamu kama bado wanasoma, na majibu inayapeleka huko kwao. Kwao wapi, hakusema. Halfani akasuuza kikombe, akasema anavyojua yeye, kitu kisichozaliwa hakiwezi kutaja jina la mama wa mtu. Kikifika hapo kinakwama kama punda kwenye korongo. Wote wakamgeukia, maana hilo lilikaribia kuwa na maana.

— Sasa wewe ulituma ya nini? Sila alimuuliza Halfani.

— Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa wametoka wapi? Tunaongelea msiba.

— Ndiyo hivyo. Ndiyo maana tulituma wanne.

Bunge akapendekeza ile akili iandike sasa barua ya kuomba radhi, ila safari hii isomwe na kamati. Sila akatazama upande wa kulia wa benchi. Rafiki wa miaka minane anampotea mbele ya macho, na hawa wanaunda kamati.

— Baba yangu alipofariki kule Buigiri, alisema Sila, Joel alikuja na baiskeli. Akalala matanga na mimi siku tatu kwenye mkeka mmoja. Hakusema neno la maana hata moja.

— Basi sisi tumemzidi, alisema Bunge. Sisi tumesema.

Sila akakigeuza kiatu mkononi. Kweli walisema, tena vizuri kuliko Joel. Mbona basi linauma?

Hapo akafika dada mmoja mgeni, daftari kwapani, akatoa shikamoo, wakaitikia. Alijitambulisha kuwa ni Lydia, katibu mpya wa kanisa la pale chini, anaandika majina ya marehemu wa kuombewa Jumapili. Simu ya Joel haipatikani, kwake amebisha hodi bila kuitikiwa, na majirani wamemwambia watu wa benchi ndio ndugu zake.

— Mama yake aliitwa nani?

— Mama Joel, akajibu Bunge upesi.

— Hilo ni la mtoto. La kwake?

Bunge akamtazama Halfani, Halfani akatazama birika. Profesa akatoa simu, akaiangalia, akairudisha mfukoni mwenyewe. Sila alijitafuta moyoni mpaka akaona haya. Kila msimu yule mama alimpelekea mfuko wa karanga kutoka Mlali. Hata mke wa Sila alimuulizia kwa jina lake, Emiliana, mguu unaendeleaje. Miaka minane Sila anakula karanga zake.

— Basi niache wazi? Lydia aliuliza, kalamu juu ya karatasi.

— Acha, dada. Naenda kumuuliza.

— Baada ya ujumbe ule? Bunge alishtuka. Utaona aibu.

— Nitaiona, alisema Sila, akaweka kiatu chini.

Alimkuta Joel anapiga randa ubao nyuma ya nyumba. Njia nzima alitunga la kusema na lote likamkimbia mlangoni, akakaa chini kwenye maranda. Randa ikaenda ikarudi. Alipoona hawezi kukaa hivyo zaidi, akauliza.

— Mama aliitwa nani?

Joel akasimamisha randa.

— Anyesi, alisema. Alikuwa anakuulizia.